Kiti cha Mwalimu Breki

Kwa miaka thelathini na moja mjomba wangu alifundisha watu kuendesha gari akiwa amekaa kwenye kiti kisicho na usukani. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi na fomu za wanafunzi. Chini ya mguu wake palikuwa na breki ya pili, ile ambayo magari ya shule za udereva hufungiwa ili mwalimu aokoe roho za watu pale mwanafunzi anapopotewa na akili. Hiyo breki ndiyo sehemu pekee ya gari iliyokuwa yake. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, na jina likamganda hadi kwenye mialiko ya harusi.

Alikuwa mtu mrefu, miguu kama ngazi, na katika vigari vile vya shule alikaa magoti yakikaribia kidevu. Hakupandisha sauti. Kila mwanafunzi aliyeingia kwa pupa na kukimbilia ufunguo alishikwa mkono kwanza. "Kwanza kiti," alikuwa akisema. "Halafu vioo. Ufunguo hauna haraka." Alisema kiti ndicho kinachoonyesha nani ndiye dereva. Aliyekaa kwenye kiti kilichorekebishwa na mwingine anaendesha gari la mwingine.

Alinifundisha mimi pia, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo na cheti changu cha ukutubi, cha kazi ya maktaba, na woga wangu wote. Siku ya tatu nilizima gari katikati ya njia panda, honi zikanizunguka, nikaanza kulia.

"Unamlilia nani?" akaniuliza. "Gari halijafa. Kanyaga klachi, liamshe."

Nililiamsha. Tangu siku hiyo, kila nilipokwama katika maisha, sauti hiyo ndiyo niliyoisikia.

Yeye mwenyewe alitamani gari la aina moja tu tangu ujana wake: la spoti, milango miwili, gia ya mkono, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hilo la magurudumu ya nyuma alilieleza mara nyingi mezani hata watoto wake wakawa wanalikariri kwa kumwigiza. Magari ya shule, alisema, yanavutwa na magurudumu ya mbele, na hayohayo ya mbele ndiyo yanayokata kona, kwa hiyo yanafanya kazi mbili na usukani unalalamika. Likisukumwa kutoka nyuma, kila gurudumu linabaki na kazi yake, na kwenye kona unahisi gari linakusukuma mgongoni, kama mtu anayekuambia nenda, nipo. Hakutaka mbio. Alitaka kwenda nalo sokoni, benki, kanisani, na kurudi.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Hakumkatalia hata siku moja, alimwekea sharti tu. "Tukibaki wawili," alikuwa akimwambia huku sindano zikiwa mdomoni. "Watoto watatu hawa utawaweka kwenye boneti? Subiri tukibaki wawili." Wakasubiri. Mtoto wa mwisho alioa na kuhama, chumba chake kikageuzwa kuwa cha cherehani. Miezi minne baadaye mkewe aliugua tumbo, na kabla mwaka haujaisha tukamzika. Wakawa wamebaki wawili, wote wazima, kwa miezi minne tu, na gari lilikuwa bado halijanunuliwa.

Nusu mwaka baada ya mazishi mjomba alistaafu, ghafla kidogo, tukadhani ni majonzi. Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja tu, mkononi ana fomu ya zamani ya mwanafunzi aliyoiandika nyuma.

"Mpwa wangu," akasema, "twende tukachague gari."

Nilisoma ile karatasi. Bei iliyoweza kulipwa kwa kiinua mgongo na ikabaki akiba ya kuishi. Injini ndogo isiyokunywa mafuta kama mlevi. Spea zinazopatikana bila kuagizwa ng'ambo. Kimo cha kupita matuta bila kukwaruza tumbo. Mwishoni, kwa mwandiko mkubwa kuliko wa juu, alikuwa ameandika: la kila siku.

Binti yake, binamu yangu, alikuwa amempigia simu jana yake na walikuwa wamegombana. Mjomba alinisimulia mwenyewe, kwa sauti ya binti yake, mkono kiunoni.

"'Baba, gari la watu wawili, na wewe uko mmoja? Wajukuu utawapakia wapi, kwenye buti?' Nikamwambia buti ni dogo, nimeshapima."

Nilicheka, naye akacheka. Jambo ambalo hakuniambia ni kwamba macho yake yalikuwa yanamwacha, na kwamba alitaka kuliendesha gari lake mwenyewe, japo kidogo, kabla hayajamwacha kabisa. Hilo nililijua kwenye gari la tatu.

Gari la kwanza lilikuwa kwenye yadi kando ya barabara kuu, jekundu, limeng'arishwa hadi unajiona meno. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani ya jua juu ya paji la uso. Alimtazama mjomba kutoka viatuni hadi kwenye mvi.

"Mzee, hili ni la vijana. Kuingia utaweza?"

"Kuingia nitaingia," mjomba akamjibu. "Kazi ni yako ya kunitoa."

Hakuwasha injini. Aliinama, akavuta zulia la sakafuni upande wa dereva, akapitisha kidole chini yake na kukinusa, kisha akaninusisha mimi. Harufu ya tope la zamani. Akavuta mkanda wa kiti hadi mwisho, na ile sehemu ambayo huwa imejikunja ndani ikatoka na mstari wa rangi ya chai.

"Limezama hili," akasema kwa upole, kama anayetoa pole ya msiba. "Maji yalifika hapa kifuani. Nyaya zote zimekunywa."

Muuzaji akashusha miwani yake machoni na kutuaga.

La pili lilikuwa la kinyozi, amelipaki mbele ya kibanda chake, jeusi, limeshushwa chini hata paka asingepita. Mjomba alilizunguka mara moja, mkono ukiteleza juu ya bati kama daktari anayetafuta panapouma. Tairi za mbele zilikuwa kuukuu, za nyuma mpya kabisa, na ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma palikuwa na vipande vya mpira vilivyoyeyuka na kuganda.

"Umelizungusha kama pia, mwanangu," akamwambia kinyozi.

"Kidogo tu, mwalimu. Jumapili Jumapili." Kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana. Wewe ulinifundisha kusimama." Kinyozi akaona aibu, akataka kumnyoa bure. Mjomba alikubali, na mimi nikakaa kwenye benchi nikamtazama akinyolewa macho yamefumbwa, uso umelegea, akionekana mzee kuliko nilivyozoea. Sasa nakumbuka kwamba alipoinuka alipapasa hewani mara mbili kabla ya kuipata kofia iliyokuwa imeningʼinia pembeni yake. Nilidhani ni usingizi.

Gari la tatu lilikuwa la mama mmoja mfamasia aliyekuwa anahamia kwa mwanawe nchi nyingine. Alilitunza uani chini ya turubai. Rangi yake ya majivu ilikuwa imepauka kwenye paa. Injini ya silinda nne, gia ya mkono, ndani daftari la huduma limejazwa kwa mwandiko uleule tangu ukurasa wa kwanza. Nyuma ya viti palitosha mkoba na mwavuli. Mjomba alilala chini kwenye saruji, bila kujali shati lake zuri, akakagua shafti na difu, vyuma vinavyozungusha magurudumu ya nyuma, kwa tochi ya simu, akarudi na oili kidogo kwenye kidole.

"Linavuja jasho, si damu," akasema.

"Na mimi ndivyo nilivyo," mfamasia akamjibu. "Nendeni mkalijaribu. Nitawasubiri hapa, nachemsha chai."

Mjomba akafungua mlango wa dereva. Alisimama hapo kitambo, mkono juu ya paa. Kisha akakaa, na jambo la kwanza alilofanya ni kupeleka mkono chini ya kiti na kukisukuma nyuma, nyuma, nyuma, hadi miguu yake ikanyooka. Sikuwahi kumwona amekaa garini miguu imenyooka. Akarekebisha vioo. Akageuza ufunguo.

Aliliendesha vizuri, jamani. Gia ziliingia bila sauti. Kwenye kona ya kwanza alilegeza mguu, akakata, akaongeza mafuta taratibu, na mimi pia nikahisi ule msukumo mgongoni, mdogo, wa hakika. Alinitazama akitabasamu kama mtu aliyethibitishiwa uvumi wa miaka mingi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Tulikuwa tunarudi, tunapita kando ya ukuta wa shule, aliposogea kuingia kushoto. Kushoto palikuwa na mtu wa baiskeli, amebeba kreti la mayai nyuma. Hakuwa amejificha. Shati lake lilikuwa la njano, jua linawaka saa nne ya asubuhi, na alikuwa kando yetu tangu mwanzo wa ule ukuta. Mjomba aliendelea kusogea. Mimi sikupiga kelele. Mguu wangu wa kulia ulishuka wenyewe na kukanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote.

Ilikuwa sakafu tupu. Lakini ule mshindo mjomba aliusikia, na mguu wake ukajibu kabla hajajua kwa nini. Gari lilisimama. Mtu wa baiskeli alipiga kofi kwenye paa, akawatukana mama zetu sote wawili, akaenda zake na mayai yake mazima.

Mjomba alipaki pembeni, akawasha taa za tahadhari, akazima injini. Akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Umekanyaga breki isiyokuwepo," akasema.

"Samahani, mjomba."

"Usiombe samahani. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga. Anayekanyaga ni yule anayeona." Kisha, akitazama mbele: "Alikuwa na nini, pikipiki?"

"Baiskeli. Na mayai."

"Sikumwona. Hata sasa hivi, ukitoa mkono wako hapo pembeni, siuoni."

Ndipo akaniambia. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma, inayokula kingo za dunia kwanza na kuacha katikati kama unatazama kwa tundu la ufunguo. Ilikuwa imeanza miaka mingi nyuma. Kila alipohuisha leseni alipimwa macho kwenye ubao uleule wa herufi, katika ofisi ileile, ukutani palepale, ambapo kwa miaka thelathini na moja alisimama nyuma ya wanafunzi wake mmoja baada ya mwingine wakisoma kwa sauti. Mstari wa tano, mstari wa sita. Alikuwa amezisikia herufi hizo mara elfu kadhaa.

"Mimi sikudanganya, mama," akasema. Aliniita mama alipokuwa na huzuni. "Nilidhani naziona. Nilisimama, nikatazama, zikaja. Kumbe nilikuwa nazikumbuka."

Mwaka huu walikuwa wamebadilisha ubao. Hakuna aliyemwambia, na kwa nini amwambie mtu mwenye macho. Alisimama akasoma ule wa zamani wote, hadi mstari wa mwisho, kwa sauti ya mwalimu. Binti wa pale alingoja hadi alipomaliza, kisha akamuuliza taratibu, "Mzee, unasoma ubao gani?"

Akacheka alipofika hapo. Mimi sikuweza.

"Daktari ameshaandika barua. Barabarani nisiendeshe tena. Dawa itachelewesha, hairudishi. Mwaka, mwaka na nusu, na hilo tundu la katikati nalo litafungwa." Alipapasa usukani. "Nilitaka mara moja tu. Kona moja. Mwanafunzi angefanya niliyofanya leo ningemfelisha na kumfukuza."

Akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari mkono ukiwa juu ya boneti, akasimama upande wangu. Tukabadilishana. Nilipokaa miguu yangu haikufikia hata klachi, kwa kuwa mimi ni mfupi kama mama yangu. Nikakivuta kiti mbele, nikilia, nacho kikawa kinagonga kila hatua, tak, tak, tak.

"Kwanza kiti," akasema. "Vizuri."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini tulipofika alikunywa chai ya mfamasia, akamweleza ukweli wote kuhusu mayai na kofi la paani, kisha akalinunua gari. Njiani kurudi nilimuuliza la nini sasa.

"La kila siku," akasema. "Wewe si unakwenda maktaba kila siku? Na unapanda mabasi? Utapitia kwangu. Mimi nitakaa kiti changu."

Binamu yangu alisusa kwa wiki tatu. Fundi, ambaye alikuwa akihudumia magari ya shule, naye aligoma kwanza mjomba alipomletea breki ya pili iliyotolewa kwenye gari la mafunzo lililokufa.

"Mwalimu, gari la spoti na breki mbili? Watu watatucheka mji mzima."

"Wacheke. Mimi sitawaona."

Fundi aligeuka akajifanya anatafuta spana. Siku ya pili breki ilikuwa imefungwa.

Tukaanza hivyo. Saa moja na robo asubuhi nilifika kwake. Gari lililala uani chini ya kibanda cha mabati, na kutoka kibandani hadi getini palikuwa na mita kumi na moja. Mjomba alizipima kwa hatua, kwa desturi ya watu wanaofundisha kupaki. Uani si barabarani, alisema, na barua ya daktari haikutaja uani. Kwa hiyo kila asubuhi nilimkuta ndani, kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho, miguu imenyooka, injini imepashwa moto. Nilifungua geti na kusimama pembeni. Alitia gia ya kwanza, akaachia klachi kama anayeweka mtoto kitandani, akalileta hadi kizingitini. Mita kumi na moja. Kisha alizima, akashuka, akanipa ufunguo, na mimi nikakivuta kiti mbele, tak, tak, tak.

"Miguu gani hiyo?" alinitania. "Mama yako alikunyima nini?"

"Aliwapa kaka zake yote."

Njiani alinifundisha upya. Alijua barabara kwa mgongo. Hapa tuta la pili, hapa viraka, hapa wanauza vitanda, nasikia randa. "Panda gia, limekuomba." Jioni tulipita sokoni, na alibeba mfuko wa mboga mapajani kwa sababu buti kweli lilikuwa dogo. Nilijifunza kuchelewa kidogo kukanyaga breki tukikaribia njia panda, nusu sekunde tu, ili mguu wake utangulie na gari lisimame kwa ajili yake. Nilidhani hajui. Miezi kadhaa ikapita, siku moja akasema, bila kunigeukia, "Ukichelewa namna hiyo mbele ya mtahini, atakufelisha." Kesho yake nilichelewa vilevile, naye akakanyaga, na hatukulizungumza tena.

Baada ya mvua za mwaka wa pili alianza kuuliza kama taa imewaka kijani. Kisha akaacha kuuliza. Asubuhi moja alilileta gari getini likiwa limeelekea kulia zaidi, bampa ikasugua nguzo. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa na urefu wa kidole. Alishuka, akapapasa nguzo, akapapasa bampa, akasimama katikati yao.

"Nguzo hii imesogea lini?" akauliza.

"Nitamwambia fundi airudishe," nikasema.

"Mwambie."

Kesho yake nilifika saa yangu. Geti lilikuwa limeshafunguliwa. Mjomba alikuwa amesimama kibandani, upande wa abiria, amevaa shati lililopigwa pasi pande zote mbili, mkono mmoja juu ya paa. Injini ilikuwa baridi.

"Leo litoe mwenyewe," akasema.

Nikaingia. Alikuwa amekaa tayari, amefunga mkanda, miguu ameikunja mbali na breki. Kwa mazoea nilipeleka mkono chini ya kiti ili nikivute mbele. Hakikuhitaji kuvutwa. Kilikuwa palepale nilipokiacha jana.